Mwanga wa juu kwenye chumba cha kushonea: kisa cha nyumba moja Tororo

Nyumba yenyewe iko Tororo mjini, upande wa barabara inayoelekea Malaba. Ilianza na vyumba viwili. Baadaye ikaongezewa chumba mbele, jiko na stoo nyuma, na majirani wa kushoto na kulia nao wakajenga mpaka mpakani. Chumba cha kati kikabaki bila ukuta hata mmoja unaotazama nje. Humo ndimo anamoshonea mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Hajati. Ana cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, na wateja wa kanzu, gomesi (vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda) na sare za shule. Umri wake umepita miaka sabini, na ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili.

Kabla mimi fundi sijaitwa, mwanawe mkubwa alikuwa ameshaliondoa giza hilo kwa njia inayotumika karibu kila mji wa Uganda. Aling'oa mabati matatu juu ya chumba, akaweka matatu ya fibaglasi angavu (plastiki yenye nyuzi za kioo ndani yake), kisha akatoa dari yote ili mwanga ushuke. Mwanzoni kila aliyeingia alisifu. Halafu Hajati akaanza kutundika gunia juu ya meza yake, akaongeza la pili, mwisho akaihamishia cherehani barazani kwenye vumbi la malori. Mvua ya masika ilipoanza, maji yakaingia pembeni mwa bati la katikati na kulowesha bunda la vitambaa vya mteja. Hapo ndipo wakaita fundi.

Familia ilikuwa na maoni matatu. Mwana alitaka fibaglasi itolewe kiwekwe kioo halisi, tena kikubwa zaidi, kwa kuwa mama yake "bado haoni". Mkwe alitaka mabati ya kawaida yarudi na taa mbili za LED ziwekwe, mambo yaishe. Hajati alisikiliza wote, kisha akaniambia: "Mwanangu, mimi naona. Hilo jua la juu ndilo linaloninyima kuona."

Maneno yake yalikuwa sahihi kuliko vipimo vyangu vyote, na kazi nzima niliipanga kuyafuata.

Jicho kwanza, paa baadaye

Jicho la mzee linahitaji mwanga zaidi kuliko la kijana. Mboni inakuwa ndogo, lenzi inageuka njano, na kinachofika nyuma ya jicho ni sehemu tu ya kile kinachomfikia mtu wa miaka ishirini. Mwana wa Hajati alilijua hilo kwa moyo wa mtoto anayempenda mama yake, naye hakukosea. Lakini mtoto wa jicho huongeza jambo lingine. Lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga unaoingia. Mtu akiwa na kitu kinachong'aa sana mbele yake au juu ya kichwa, ule mng'ao husambaa ndani ya jicho na kufunika anachojaribu kukitazama. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe cha kanzu hupotea kabisa.

Kwa hiyo Hajati alihitaji mwanga mwingi kwenye kitambaa na mdogo machoni. Paa la fibaglasi lilimpa vyote viwili kwa wingi uleule. Mkwe naye, angepewa taa zake zikaning'inia wazi juu ya meza, angeurudisha mng'ao uleule saa za usiku.

Ningependa kila anayefikiria kutoboa paa aanze na swali hili: nani atakaa chini ya tundu hilo, anafanya nini, saa ngapi? Watu huanza na "wapi pana giza", na jibu lake huwa ni tundu kubwa.

Jua la hapa si jua la vitabuni

Ushauri mwingi kuhusu vidirisha vya paa umeandikwa kwa nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la majira ya baridi hupita chini na watu hulitafuta. Huko wanasema elekeza kioo kaskazini upate mwanga mtulivu, au kusini upate joto. Tororo iko chini ya nyuzi moja kaskazini mwa ikweta. Kati ya Machi 20 na 25, na tena siku kama hizo za Septemba, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya kichwa. Kuanzia hapo huegemea kaskazini mpaka Juni, kisha kusini mpaka Desemba, lakini saa ya mchana halijitengi na utosi kwa zaidi ya nyuzi 24 hivi. Hakuna upande wa paa usiopata jua kali. Tena mchana halisi hapa hauangukii saa sita. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, na Tororo iko kwenye nyuzi 34 na kidogo, hivyo jua hufika kileleni karibu na saa saba kasorobo. Ukitaka kujua chumba kitateseka vipi, kaa ndani yake saa saba na saa nane. Saa nne asubuhi haitakuambia kitu.

Nilimfanyia mwana hesabu mbele yake, kwa sababu yeye ni mtu wa kuamini hesabu. Jua kali la utosini huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Mabati yake matatu yalikuwa na eneo la karibu mita 7 za mraba. Hata tukisema fibaglasi hupitisha asilimia 70 tu, chumba kilikuwa kinapokea wati 4,900 za joto na mwanga. Ni sawa na kuwasha pasi tano za umeme na kuziacha chumbani alipokaa mama yako.

Upande wa mwanga: jua la moja kwa moja hutoa kama luksi 100,000; luksi hupima mwanga unaoangukia kila mita ya mraba, na lumeni hupima jumla ya mwanga wote. Kwa eneo lile, hiyo ni karibu lumeni 490,000. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800. Alikuwa ameweka mwanga wa balbu 600 juu ya cherehani moja. Kushona kwa makini huhitaji luksi mia kadhaa, elfu moja kwa kazi ngumu na macho yaliyochoka.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali zuri: "Na siku ya mawingu?" Siku ya mawingu mazito luksi hushuka hadi 10,000 hivi, na hapo paa lake lingetoa mwanga wa balbu 60. Bado ni nyingi. Na anga ya mawingu ina tabia moja inayofaa kukumbukwa: sehemu ya utosini hung'aa karibu mara tatu kuliko ile iliyo karibu na upeo. Ndiyo maana tundu dogo la juu hushinda dirisha kubwa la ukutani. Mita robo tu ya mraba, yaani nusu mita kwa nusu mita, hutosha chumba cha kawaida hata siku ya mvua.

Maji

Kuhusu maji sitakwenda haraka, maana ndiyo yanayowafanya watu wachukie vidirisha vya paa maisha yao yote.

Tororo ni mji wa radi. Katika miaka ya 1967 hadi 1976 ulirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyoufanya utajwe duniani kote. Mvua za aina hiyo hushuka kwa nguvu na kwa ghafla, nyakati nyingine na mawe ya barafu. Chukua mvua inayoleta milimita 50 kwa saa. Kila mita ya mraba ya paa inapokea lita 50. Kidirisha chenye upana wa sentimita 60 kikiwekwa mita tatu chini ya kofia ya paa (pale juu ambapo pande mbili hukutana), maji ya mita 1.8 za mraba humiminika mgongoni mwake: lita 90 kwa saa, zikigonga sehemu moja. Kisogeze mpaka nusu mita kutoka kofiani, mzigo unashuka hadi lita 15. Fundi ni yuleyule na gundi ya silikoni ni ileile, ila kimoja kitavuja na kingine hakitavuja. Paa za miji yetu nyingi zina mteremko mdogo, na kadiri mteremko unavyopungua ndivyo maji yanavyokaa na kutafuta njia.

Bati la katikati lilikuwa linavuja kwa sababu ambayo nimeiona mahali pengi. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Bati la polikaboneti (plastiki ngumu angavu) la mita tatu, likipata tofauti ya nyuzi 40 za joto kati ya alfajiri na mchana, hurefuka karibu milimita 8. Bati la chuma la urefu huohuo hurefuka milimita moja na nusu tu. Fibaglasi iko katikati ya hayo, na yenyewe ni kavu, hupasuka. Tundu la skrubu likiwa la kubana, kila siku ya jua inalivuta na kila usiku unalirudisha, mpaka ufa unatokea pembeni ya tundu. Mafundi wengi hupaka silikoni juu ya ufa huo, na msimu unaofuata wanaitwa tena. Tundu litobolewe likiwa pana kuliko skrubu, chini ya kichwa cha skrubu kuwe na washa pana ya mpira, na kazi ya kuzuia maji ifanywe na namna mabati yanavyolaliana: la juu lilifunike la chini yake, na pembeni lipande juu ya wimbi la bati jirani. Silikoni ni msaidizi. Ikifanywa mlinzi mkuu, umeshapoteza.

Fibaglasi ya Hajati ilikuwa imeanza pia kugeuka njano, na nyuzi zake zimechomoza juu. Paa hilo ndilo linalojaza tangi la maji ya nyumba, na nyuzi hizo zingeweza kuingia humo.

Tulichochagua na tulichokataa

Kioo kikubwa cha mwana tulikikataa kwa ajili ya joto, na kwa ajili ya usalama. Kioo chochote kilicho juu ya kichwa cha mtu kinapaswa kuwa cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, ili kikipasuka vipande vibaki vimeshikana. Kioo kilichokazwa kwa joto peke yake humwagika chini kikiwa vipande vidogo. Kile alichokuwa ameoneshwa dukani kilikuwa kioo cha kawaida cha dirisha. Sikubali kukiweka juu ya mtu yeyote, hata akinisihi.

Bomba la mwanga, lile lenye kuba dogo juu ya paa na silinda inayong'aa ndani mpaka darini, ni kifaa kizuri kwa korido. Lakini ubora wake wote uko kwenye ule utando wa ndani unaorudisha karibu mwanga wote unaoupiga. Bomba la kutengeneza mtaani kwa bati la alumini hupoteza mwanga kila unapogonga ukuta wake, na likiwa refu hufika kidogo sana. La kiwandani halikupatikana karibu, kwa hiyo tuliliacha.

Wazo la mkwe nililichukulia kwa uzito, na nilimwambia hivyo. Watu hudhani kidirisha cha paa kitawaokoa na bili. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa kumi kila siku kwa mwaka mzima hutumia kama uniti 33 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Fedha hiyo hailipi hata mbao. Anayetoboa paa ili kupunguza umeme afunge daftari, anunue LED. Sababu ya kutafuta mwanga wa juu kwa Hajati ilikuwa nyingine: umeme ukikatika mchana kazi isisimame, na rangi za vitambaa azione zilivyo. Mteja wa gomesi hakubali kuambiwa kwamba zambarau na buluu zilifanana chumbani.

Tulichojenga ni dirisha la wima juu ya paa. Kofia ya nyumba hii inakwenda mashariki na magharibi. Tuliuendeleza mteremko wa kusini ukapita kofia kwenda juu, kwa upana wa mita mbili, ukaacha ukuta mfupi wa sentimita 60 unaotazama kaskazini. Ukuta huo ndio kioo. Mabati yanatokeza mbele yake sentimita 45.

Hizo sentimita 45 ndizo moyo wa kazi. Nusu ya mwaka, jua likiwa upande wa kusini, kioo hakiguswi na jua hata kidogo. Nusu nyingine, jua la mchana liko juu sana kiasi kwamba ukingo huo unakifunika chote, takriban kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Kinachoingia ni mwanga wa anga. Kwenye siku ya mawingu, mita 1.2 za mraba za kioo cha wima huleta mwanga wa balbu chache, bila joto la utosini. Na kwa sababu kiko kileleni kabisa, hakuna maji yanayokuja kutoka juu yake. Mvua huteremka kwa mgongo wa upande wa pili. Ikweta, inayotunyima upande wa kivuli wa paa, ndiyo inayotupa zawadi hii: ukingo mfupi wa bati hufanya kazi ambayo katika nchi za mbali ingehitaji mitambo na mapazia.

Kazi ya namna hii hugusa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, kwa hiyo ilipitishwa kwanza kwa watu wa majengo wa manispaa. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya kazi, na kwenye nyumba zilizobanana namna hii ni vyema jirani ajue kinachoinuliwa juu ya ukuta wake. Ndani tuliweka nondo, maana wezi wanajua njia ya paa, na wavu wa mbu kwenye sehemu ya juu inayofunguka kutoa hewa moto. Kila mwanya kati ya mbao na mabati tuliuziba. Popo hawahitaji nafasi kubwa, na wakishaingia darini harufu yao haitoki.

Dari ilirudi, ikaachwa wazi chini ya dirisha tu. Kingo za uwazi huo zilipanuliwa kuelekea chini na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa, ili jicho lisitoke gizani na kukutana na kioo kwa mkupuo. Kwa Hajati, rangi hiyo ilikuwa na kazi kubwa kama kioo chenyewe.

Jikoni tuliweka kipande kifupi cha polikaboneti yenye rangi ya maziwa karibu na kofia. Korido haikupewa kitu; tulifungua nafasi juu ya mlango wa mbele, ikatosha.

Kuishi nalo

Polikaboneti ina upande uliokingwa na miale ya jua, na utando wa juu yake huandikwa upande upi utazame angani. Ukigeuzwa, bati huwa njano mapema. Utando huo wenyewe utolewe siku ya kufunga. Ukiachwa, jua huuoka ukagandamana na bati. Usafi ni maji, sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Thina na petroli, ambazo mafundi hupenda kufutia gundi, huijaza plastiki nyufa ndogondogo. Kioo cha wima hushika vumbi kidogo kuliko cha kulala, na hapa, barabara ya malori ikiwa mlangoni, hilo peke yake lingetosha kunishawishi. Nilimwomba mwana aondoe vumbi kabla ya mvua za Machi, asubuhi, anga ikiwa safi. Mawingu yakijikusanya mtu ashuke. Na asikanyage kipande cha jikoni kwa hali yoyote: bati angavu halibebi mtu, ndiyo maana chini yake kuna wavu wa chuma.

Wiki za mwanzo mkwe alinipigia simu kwamba jikoni kunavuja. Matone yalikuwa yanaonekana alfajiri, hata siku zisizo na mvua. Huo ulikuwa mvuke wa sufuria za jioni, uliopanda na kugeuka maji kwenye plastiki iliyopoa usiku. Tuliacha upenyo wenye wavu karibu na kofia, matone yakaisha. Kabla hujalaumu paa, angalia saa: uvujaji hufuata mvua, mvuke hufuata baridi ya alfajiri.

Jambo moja halikwisha. Mwezi wa Juni na Julai, baada ya saa kumi na moja, jua la kaskazini-magharibi hushuka chini ya ukingo na kupiga ukuta wa mashariki wa chumba. Kurefusha ukingo kungeondoa mwanga wa siku za mawingu. Hajati aliigeuza cherehani, akaupa ukuta huo mgongo, na saa hiyo mara nyingi anakuwa anajiandaa kwa sala.

Mwana sasa anataka dirisha kama hilo chumbani kwake. Nimemshauri asubiri. Hapa jua huchomoza kabla ya saa moja mwaka mzima, na yeye ni dereva anayerudi usiku wa manane na kulala mpaka saa nne.

Hajati naye amepangiwa upasuaji wa macho. Lenzi ya bandia hupitisha mwanga mwingi kuliko ile yenye ukungu, na wengi huona mng'ao mkali na buluu kuzidi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo tumefunga waya juu ya fremu, tayari kwa pazia jeupe jepesi. Akirudi kwenye cherehani ataamua mwenyewe kama analihitaji.